Seva ya Kitinda

Kabla kaka yake hajaivunja kwa nyundo, seva ya Kitinda, kompyuta ndogo ya kutunzia picha za familia, ilikaa juu ya kabati la vyombo miezi michache tu. Ilifanya kazi kimyakimya, kiasi kwamba mumewe alizoea kuigonga kwa kidole kila akipita na kuiuliza, "Wewe, uko hai?"

Kitinda alikuwa mtunza kumbukumbu hospitalini. Siku nzima aliskani mafaili ya wagonjwa na kuyaweka mahali ambapo daktari angeyapata bila kutoka jasho. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Kati yake na kaka yake mama yao alizika watoto wengine, ndiyo maana yeye alipokuwa ananyonya, kaka mtu alikuwa ameshaanza kuota ndevu. Huyo kaka alikuwa mfunga nondo kwenye majengo ya ghorofa, na watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita Nondo.

Baba yao alipofariki, mvua za mwaka huo ziliingia chumbani kwa Mama na kulowesha albamu zote. Picha ziligandana kama mkate uliomwagiwa maji. Kitinda alizibandua moja moja juu ya taulo huku machozi yakimtoka kwa hasira, maana nyingine zilibanduka zikiacha uso wa mtu kwenye mgongo wa picha ya pili. Akamchukua Mama kuja kuishi naye, na pamoja na Mama akachukua zile picha zilizosalimika.

"Hizi hazikai tena sehemu moja zikisubiri maji mengine," alimwambia mumewe.

Hospitali ilikuwa inatupa kompyuta za mapokezi, vile visanduku vyembamba kama kitabu cha hesabu, visivyo na feni. Aliomba kimoja akapewa. Kwa fundi wa pale kona akapata diski za kompyuta mpakato zilizokufa. Moja ilikuwa inagonga ndani, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi, akairudisha siku hiyohiyo. Fundi akambadilishia bila ubishi. Mwishowe akabaki na mbili nzima. Akaingiza programu ya bure kutoka kwenye flashi, akazifunga diski zile ziwe pacha: chochote kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Kifaa chote kilikula umeme mdogo kuliko taa ya koridoni, kwa hiyo hakikuzimwa usiku wala mchana, na umeme ukikatika kulikuwa na betri ndogo ya kukishikilia.

Mumewe alikuwa seremala, akaitengenezea kasha la mabaki ya mbao lenye matundu ya kupumulia. "Mke wangu amejifungua kompyuta," aliwaambia wateja wake. "Mimi nimechonga kitanda cha mtoto tu."

Kilichobaki kikawa kuskani. Kila alipotoka kazini Kitinda aliingiza picha kadhaa, akaziandika majina ya watu na mahali. Macho ya Mama yalikuwa yameshaingia ukungu, hakuweza tena kuona picha ya mkononi, lakini ikiwekwa kwenye televisheni, kubwa namna ile, aliona. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akasema, "Huyu mimi huyu! Nilikuwa na kiuno!"

Nondo hakuwa mtu wa kuja kuja. Hata siku ya mazishi ya baba yao alisimama nje ya geti la makaburi, hakuingia, na watu wakasema uchungu humfika kila mtu kivyake. Kitinda naye aliamini hivyo. Baba aliyemjua yeye alikuwa mzee mpole aliyeacha pombe, aliyembeba mabegani mpaka sokoni na kumwacha amchane mvi kwa kitana cha mwanasesere.

Akampigia simu. "Kaka, Jumapili njoo tule. Kuna kitu nataka ukione."

"Kitu gani?"

"Wewe njoo tu. Si utakiona?"

Nondo alikuja. Alikaa karibu na mlango, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha shingoni ingawa joto la mchana lilikuwa kali. Alikula kidogo, akamsifia dada yake chakula, akamuuliza shemeji yake habari za mbao. Vyombo vilipotolewa, Kitinda akabandika birika la chai jikoni, jiko lenyewe likiwa hatua chache tu nyuma ya makochi, kisha akawasha televisheni.

"Haya jamani, tulieni. Hii ni kazi ya mikono yangu."

Picha zikaanza kupita. Mama na kiuno chake. Bibi mmoja ambaye hakuna aliyekumbuka ni wa upande gani. Nondo mwenyewe, mchanga, uchi, ndani ya beseni.

"Shemeji!" Seremala alipiga paja. "Kumbe kitambi ulianza nacho huko!"

Nondo akacheka, kweli akacheka, na Kitinda akafurahi moyoni kwamba siku imekuwa njema.

Halafu akaja Baba. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba yao ya zamani, shati jeupe, meno yote nje, mkono umewekwa begani kwa mvulana aliyekuwa anatazama chini.

"Ee, mume wangu," Mama akasema, akajivuta mbele. "Tazama alivyokuwa mtanashati. Isimamishe hapo, Kitinda. Isipite."

"Toa," Nondo alisema.

"Kaka, ngoja kidogo, Mama anaanga—"

"Nimesema toa hiyo picha."

"Ni baba yako huyo," Mama akasema bila kugeuka. "Mtu ameshakufa. Wewe bado tu?"

Nondo akasimama. Sanduku la vifaa vya seremala lilikuwa pale mlangoni, wazi. Aliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na alipoinuka alikuwa na nyundo mkononi. Pigo la kwanza lilimpata Baba usoni. Kioo kikapasuka kuanzia kwenye meno yake kwenda pembeni, lakini picha haikuzimika, ikabaki inatabasamu nyuma ya nyufa. Akapiga tena. Akapiga tena, mpaka televisheni ikaanguka kifudifudi na vipande vya kioo vikamrukia Mama mapajani.

"Ziko wapi nyingine?" alipiga kelele. "Kitinda! Umeziweka wapi?"

Macho ya Kitinda yalimsaliti, yakaenda juu ya kabati. Nondo alivuta kasha kwa waya wake, likashuka na sahani zote. Akapiga goti katikati ya vigae na kuanza kulipiga. Mbao zilipasuka. Kisanduku kikabonyea, ubao wa ndani ukavunjika na kutoa harufu ya plastiki iliyoungua. Diski moja ilichomoka, akaipiga mpaka ikajikunja. Vidole vyake vilikuwa vimekatwa na vigae, damu ikaruka kwenye kila pigo na kunyunyiza ukuta, na yeye hakuonekana kusikia lolote. Alikuwa anahesabu, "Moja! Mbili! Moja! Mbili!" kama mtoto anayelazimishwa kuhesabu.

Seremala alimkumbatia kwa nyuma. "Shemeji, basi! Shemeji!"

Nondo alirusha kiwiko, jino la seremala likatoka. Seremala hakumwachia. Nondo akageuka ndani ya mikono yake na kumshushia nyundo begani, na mfupa ukalia kama fimbo iliyovunjiwa ndani ya gunia. Seremala akaanguka, mkono umening'inia upande ambao mkono hauendi. Akatapika pale pale. Hata hivyo, Nondo alipoirudia seva, seremala alijikokota kwa mkono uliobaki na kumshika mguu.

"Niachie!"

"Sikuachii. Utaua mtu humu."

Nondo akainua nyundo juu ya kichwa chake.

Birika lilikuwa linatokota. Kitinda hakukumbuka baadaye kulishika. Alichokumbuka ni uzito wake kupungua, na mvuke, na sauti ya kaka yake, sauti nyembamba ambayo hakuwahi kuisikia kwa mwanamume. Alikuwa amemmwagia maji yote mgongoni. Nyundo ikaanguka. Nondo alijitupa ukutani, akalivuta shati kwa mikono miwili, vifungo vikaruka, akalichana kutoka mwilini na kuinama, mgongo wazi.

Hapo ndipo Kitinda alipouona. Mgongo ule haukuwa na mahali pa kuweka kiganja ukakuta ngozi laini. Makovu yalipandiana. Mengine yalikuwa marefu membamba, kutoka begani hadi kiunoni. Mengine yalikuwa mafupi na yana kitanzi mwishoni, pale waya wa umeme ulipokunjwa mara mbili kabla ya kushuka. Na juu ya hayo yote ngozi iliyoungua sasa hivi ilikuwa inaanza kuvimba na kuwa nyekundu, na hiyo ilikuwa kazi yake yeye.

"Kaka," alisema. "Kaka, nani?"

Nondo hakumtazama yeye. Alimtazama mama yao, aliyekaa vilevile kwenye kochi, vioo mapajani.

"Mwambie. Mwambie mwanao ulikuwa unafanya nini."

Mama alikuwa anakusanya vipande vya kioo kimoja kimoja na kuviweka kwenye kanga yake, kama anayechambua mchele.

"Haya, nitamwambia mimi. Alikuwa anaongeza sauti ya redio." Nondo alifuta makamasi kwa mkono wenye damu. "Yule akienda kuchukua waya, huyu anaenda kwenye redio. Nikisikia muziki unapanda najua zamu yangu imefika. Na nihesabu kwa sauti. Nikikosea hesabu, tunaanza upya. Siku nyingine nilikosea mpaka nikazimia, nikaamka kumenyamaza, redio imepunguzwa, na uji uko mezani. Na ninyi mnataka niangalie meno yake kwenye kioo!"

Mpangaji wa ghorofa ya juu alikuwa ameshapiga simu. Polisi walipofika walimkuta Nondo amekaa kibarazani, kifua wazi, ameweka mikono mbele tayari kwa pingu. Hawakumfunga. Askari mmoja alipouona mgongo wake alivua koti lake, akasita, halafu akalivaa tena kwa kuwa hakujua mahali pa kumwekea.

Seremala alilazwa. Mfupa wa bega uliwekwa chuma, na daktari akamwambia ukweli: mkono utarudi, ila hautapanda tena juu ya kichwa. Kwa seremala hiyo ilikuwa na maana kwamba kazi za kenchi za paa na za dari atawaachia wengine. Polisi walipomfuata kitandani kuchukua maelezo, aliongea kwa shida kwa sababu ya pengo na uvimbe.

"Sitaki afungwe," alisema. "Na sitaki kumwona. Andikeni yote mawili."

Kitinda aliposikia akatoka nje ya wodi na kulia, maana naye alitaka yote mawili, na alijua hakuna fomu yenye nafasi ya hilo.

Siku zilizofuata alifagia. Alikuta vigae hadi ndani ya viatu. Diski iliyojikunja aliitupa. Nyingine ilikuwa imeteleza chini ya kabati, imekwaruzwa kona, basi. Aliishika muda mrefu. Angeweza kuitupa nayo, na kusema imekwisha, na pengine hilo lingekuwa jambo rahisi kuliko yote. Badala yake alirudi hospitalini akaomba kisanduku kingine kabla gari la taka halijaja, akaichomeka diski, akasubiri huku kucha ziko mdomoni. Majina ya mafaili yakaanza kujitokeza, moja baada ya jingine. Hakuna hata picha moja iliyopotea.

Mama alikuwa nyuma yake. "Zipo?"

"Zipo."

"Mungu mkubwa. Na ya baba yako?"

Kitinda akageuza kiti. "Mama. Ile redio."

Mama akakaa. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ulitaka nifanye nini? Nilipoingilia mara ya kwanza alinivunja mbavu. Mara ya pili nilikuwa na mimba, nikaipoteza. Baada ya hapo nikawa naenda kwenye redio. Nilikuwa najiambia majirani wasisikie, ni aibu. Uongo. Ni mimi ndiye nilikuwa sitaki kusikia."

"Na mimi je? Mbona mimi hakunigusa?"

"Wewe ulizaliwa kaka yako ameshakuwa na nguvu. Siku moja alimnyang'anya baba yako waya, akamzungushia shingoni. Nikamsihi amwachie. Akamwachia, akaondoka nyumbani jioni ileile. Baba yako akawa mpole kuanzia hapo." Mama alivuta pumzi. "Nilimsihi, unasikia? Kwa ajili ya baba yako nilipata sauti."

Kitinda alizima taa ya meza akatoka.

Polisi walikuwa wamempeleka Nondo kufungwa bandeji, kisha wakamwachia arudi kwenye chumba alichopanga nyuma ya gereji. Kitinda alimkuta amelala kifudifudi kwenye godoro, bandeji imegandana na vidonda, homa kali. Hakuuliza ruhusa. Alilowesha bandeji kwa maji ya chumvi yaliyopoa, akaibandua polepole kama alivyobandua zile picha, akampaka dawa aliyopewa na manesi. Nondo aliuma mto. Hakuna aliyeomba msamaha mpaka kazi ilipokwisha.

"Nimekuunguza," Kitinda alisema.

"Ningemuua. Ulifanya vizuri. Mkono wa shemeji vipi?"

"Haupandi."

Nondo akafunika uso.

Baadaye sana Kitinda akasema alichojia. "Diski moja imepona. Picha ziko zote. Sitaki kukuficha."

Aliona misuli ya shingo ya kaka yake ikijikaza, na kwa mara ya kwanza maishani akamwogopa. Macho yake yakapima umbali wa mlango.

"Zifute," Nondo alisema. "Zake zote."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Mimi alinibeba mabegani, Kaka. Ni huyohuyo. Nikimfuta huyo wa kwangu na wewe unabaki na wa kwako peke yako, hakuna atakayejua kama wa kwako aliwahi kuwepo. Nikija kupata watoto, watasema mjomba wao alikuwa kichaa, alivunja televisheni bila sababu."

Nondo alipiga ngumi ukutani mara moja, kwa nguvu, hata plasta ikadondoka. Kitinda alirudi nyuma lakini hakutoka. Mafundi wa gereji waliacha kugonga, wakasikiliza, wakaendelea. Nondo akatazama vifundo vyake vilivyochubuka.

"Simu yako inapiga picha nzuri?" akauliza.

"Inapiga."

Akajikokota mpaka mlangoni, kwenye mwanga, akampa mgongo. "Basi piga. Piga wote, usiache mahali. Kisha uiweke palepale yalipo meno yake, iwe inayofuata. Anayemtaka yule na huu auone. Vinginevyo nitarudi na nyundo, haki ya Mungu."

Kitinda akapiga. Ya kwanza ikatoka na ukungu, akarudia. Kwenye ile nzuri kila kovu lilionekana, na kati ya makovu malengelenge ya maji ya moto aliyommwagia. Aliiandika kama alivyoandika nyingine zote: jina la mtu, jina la mahali. Akaongeza maneno ambayo Nondo alimtajia neno kwa neno: aliyefanya makovu ni baba, aliyeunguza ni dada, sababu ni nyundo.

Televisheni waliyoazima kwa mpangaji wa juu ilikuwa ndogo. Mama alivuta kiti mpaka karibu. Kitinda alizianzisha tu picha, na yule wa shati jeupe alipopita, mgongo ukaja.

"Hii nini? Ramani?"

"Ni mwanao, Mama."

Mama akanyoosha kidole, akafuata kovu moja kwenye kioo kutoka juu hadi chini, akahamia lingine, akapotea katikati, akaanza upya. Seremala, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, aliinuka akatoka nje. Kidole cha Mama kiliendelea mpaka kikachoka.

"Nilijua anapigwa," alisema. "Sikuwahi kugeuza macho nikatazama. Nipeleke."

"Atakufukuza."

"Anifukuze. Nipeleke."

Kitinda alimshika mkono mpaka kule nyuma ya gereji, wakikanyaga madimbwi ya oili. Akagonga. Nondo alifungua mlango nusu, akawaona, akasimama akiwa ameushika kama mtu anayefikiria upande wa kuusukuma. Mama alikuwa amevua kitambaa cha kichwa na kukikunja mikononi, na mvi zake zilikuwa wazi juani.

Nondo aliingia ndani. Wakasikia vitu vikisukumwa. Akarudi na ndoo tupu ya rangi, akaipindua nje, chini ya kizingiti, akaipangusa kwa kiganja. Hakusema karibu. Mama alipapasa kwa mkono mpaka akaigusa, akakaa, na Nondo akabaki amesimama mlangoni juu yake, mlango wazi.